Haki ya Kuagiza Kipande Kimoja

Biashara ya mwambao huu, tangu zama ambazo Kilwa Kisiwani ilipiga sarafu zake yenyewe za shaba na kupokea vyombo vilivyotoka Kambaya na Ghuba ya Uajemi, imesimama juu ya insafu moja ambayo tumeizoea hata hatuioni: kwamba mwenye haja ya kidogo auziwe kidogo, wala asilazimishwe kulipia kile ambacho haja yake haikukitaja. Mvuvi wa Songo Songo ambaye wavu wake umeraruliwa na mwamba hanunui wavu mpya, hununua uzi wa kutosha kuliziba lile tundu. Mwenye kupika hununua kibaba cha mchele na kipimo cha mafuta. Na kijana ambaye gurudumu la baiskeli yake limepungukiwa na gololi humwendea fundi chini ya mwembe, naye fundi hulimimina kopo lake la gololi juu ya gunia, akachagua ile iliyo sawa na wenzake, akapokea shilingi zake chache, na kijana akashika njia. Plagi ya bodaboda huuzwa moja moja. Hata mashine ya boti, ambayo bei yake ni akiba ya miaka, haihukumiwi kufa kwa sababu ya pini iliyokatika, kwa kuwa spea yake, ijapokuwa mbali, ina jina na namba, na wakala aliyeko Dar es Salaam hujua aitafute wapi.

Katika bidhaa zote nizijuazo ambazo zimeundwa kwa viungo vingi, ipo iliyoachwa nje ya insafu hii, nayo ni ile ambayo mwenyewe ni mtoto. Nakusudia vile vifaa vya kuchezea vya kujengea, viwe vya kanda za chuma zenye matundu zinazofungwa kwa nati na bolti, au vya matofali madogo ya plastiki yanayobanana bila gundi wala msumari, ambavyo siku hizi huletwa kwa wingi Kariakoo na kufika Lindi, Kilwa Masoko na visiwani katika mizigo ya wasafiri. Huuzwa kwa sanduku. Kikipotea kipande kimoja, sanduku zima hupoteza maana yake, kwa sababu lile daraja halifiki ng'ambo na lile gari halina ekseli. Basi baada ya miezi michache utavikuta vilivyosalia vimetupwa pembeni mwa ua, vikikanyagwa na kuku. Mzazi husema mtoto hana utunzaji. Mimi nasema, na nitaeleza kwa urefu, kwamba lawama kubwa si ya mtoto, ni ya sisi wakubwa tuliomuuzia kitu cha viungo tukamnyima mlango wa kuvipata viungo hivyo.

Jambo hili halikuwa hivi tangu asili yake. Frank Hornby, karani wa mji wa Liverpool, Uingereza, ambaye aliwatengenezea wanawe wa kiume vipande vya bati vyenye matundu, na mwaka 1901 akapata hati ya ubunifu wake, na mwaka 1907 akauita kwa jina la Meccano, alikuwa na fikra moja kuu iliyomtofautisha na waunda vya kuchezea waliomtangulia: kwamba kipande kilekile kilichokuwa leo ubavu wa daraja, kesho kiwe mkono wa kreni, na keshokutwa fremu ya gari. Ili jambo hilo liwezekane ilimlazimu aweke kipimo kimoja asikivunje, naye akakiweka nusu inchi, yaani milimita 12.7 kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu jirani yake. Kila kipande kilipewa namba. Ukanda wa matundu 25 ulikuwa namba 1, wa matundu 11 ulikuwa namba 2, na ule mfupi wa matundu matano ulikuwa namba 5. Kigurudumu cha meno 19 kilikuwa namba 26, na gurudumu la meno 57, ambalo likishikana na hicho huzunguka mara moja wakati kidogo kimezunguka mara tatu, lilikuwa namba 27a. Wenye maduka waliwekewa makabati ya droo nyingi, kila droo na namba yake, na mtoto mwenye senti zake chache aliweza kuingia, akataja namba, akauziwa kipande kimoja na kutoka. Fauka ya hayo, sanduku dogo halikuwa mwisho wa safari: palikuwapo masanduku ya nyongeza ambayo yaliligeuza la daraja ya chini kuwa la daraja ya juu yake, hata mtoto wa mtu wa kipato cha wastani akaweza kupanda ngazi ile kidogo kidogo, kwa kadiri ya mfuko wa babake.

Faida ya droo zile ilivuka mipaka ya watoto. Mwaka 1934, katika Chuo Kikuu cha Manchester, mwanahisabati Douglas Hartree, ambaye alikuwa amezitazama picha za mashine kubwa ya Vannevar Bush huko Marekani, iliyoundwa ili kufumbua milinganyo ambayo kwa kalamu humaliza miezi, na zikamkumbusha vyuma hivi vya kuchezea, aliamua pamoja na mwanafunzi wake Arthur Porter kuunda mfano wake kwa vipande vya Meccano. Gharama yake ilikuwa kiasi cha pauni 20. Ilikosea kwa kadiri ya asilimia 2 tu, na kwa kazi za sayansi hiyo ilitosha kabisa, kiasi kwamba hesabu za kweli za muundo wa atomu zilifanywa kwayo, na mwaka uliofuata chuo kikapata mashine kamili iliyoundwa kiwandani. Nawaomba wasomaji wasimame hapa kidogo. Hakuna sanduku la dukani lililokuwa limepangwa kwa ajili ya mashine ya kufumbua milinganyo. Vipande vyake vilikuwa vya kuchaguliwa, hiki vingi, kile viwili, kingine kisitakiwe kabisa. Lau kama Uingereza ya wakati ule ingekuwa ikiuza masanduku yaliyofungwa peke yake, kama tuuzavyo sisi leo, yule mwalimu angelazimika kununua shehena ya masanduku ili apate magurudumu ya meno aliyoyahitaji, na yamkini fikra ile ingebaki kuwa mazungumzo.

Matofali ya plastiki nayo yana tarikhi inayofanana. Ole Kirk Christiansen, seremala wa kijiji cha Billund nchini Denmark, alianza kuunda vya kuchezea vya mbao mwaka 1932, na kampuni yake ya LEGO ikasajili tofali lake la kubanana tarehe 28 Januari 1958, na tangu siku hiyo nafasi ya milimita 8 kutoka katikati ya kinundu cha juu hadi katikati ya kinundu jirani yake haikubadilishwa, hata tofali la mwaka ule hushikana na lililotoka kiwandani jana. Mwaka 2000 lilifunguliwa soko la mtandaoni liitwalo BrickLink, ambamo watu binafsi wa nchi mbalimbali huuziana tofali moja moja kwa namba na rangi, na mwaka 2019 kampuni yenyewe ikalinunua soko hilo. Maana yake ni kwamba wenye bidhaa wenyewe wamekiri kuwa kipande kimoja ni bidhaa kamili.

Sasa na turudi Songo Songo. Kisiwa hiki cha wilaya ya Kilwa, ambacho watu wake ni wavuvi, wapanda mwani na mabaharia, ndipo ilipogunduliwa gesi asilia mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 gesi hiyo husafishwa papo hapo kisiwani, ikapita chini ya bahari hadi Somanga, kisha ikaifuata nchi kavu hadi Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme, safari ya takriban kilomita 232 kwa jumla. Mtambo wa namna ile ni maelfu ya viungo: valvu, washa, pete za mpira, vipima mgandamizo, na hakuna mhandisi hata mmoja ambaye angekubali kuufungua siku ya kwanza kabla ya kuhakikishiwa kwamba kila kiungo kina namba, na kwamba siku kitakapochoka kitaagizwa kimoja, peke yake, kikafika. Watoto wa kisiwa hukua wakiiona taa ya mtambo huo usiku. Tukitumaini, nasi twapaswa kutumaini, kwamba baadhi yao watakuja kuushika kwa mikono yao badala ya kuutazama kwa mbali, basi adabu ya namba na kiungo yafaa waianze mapema.

Nimemwona mmoja aliyeianza. Mtoto wa ndugu yangu, ambaye kwao ni hapo hapo kisiwani, aliletewa na shangazi yake aishiye Uingereza sanduku kuukuu la Meccano lililonunuliwa mitumbani, likiwa na kitabu chake cha michoro, naye akaunda kreni ambayo kwa kuzungusha mpini iliinua mzigo wa simbi. Kikaanguka kile kigurudumu cha meno 19, kikapotelea katika mchanga wa ukumbini. Mchanga ulichekechwa kwa chekecheke la unga, nacho hakikuonekana. Basi kijana akachukua kifuu cha nazi, akakikata duara, akaligawa duara lile kwa uzi na mkaa hata akapata alama 19, akachonga meno kwa kisu cha kuparia samaki, akatoboa katikati kwa msumari uliotiwa moto. Niliketi kando yake nikimtazama: alikuwa akikiweka kando ya gurudumu kubwa, akalizungusha kwa kidole, akaliondoa jino lililokwama, akapuliza vumbi, akajaribu tena. Kiliinua mzigo. Kisha meno mawili yakakatika, kwa kuwa uzi wa kifuu hauna nguvu pande zote, na jambo hilo pia alilijua pale, kwa macho yake, pasipo kuelezwa na mtu.

Hapo ndipo alipoketi kuandika maagizo yake, na barua ile ningependa kila mwalimu wa ufundi aione. Hakuandika kwamba anataka "kile kidude kidogo". Aliandika kwamba ahitaji kigurudumu cha meno 19, cha shaba ya manjano, tundu lake la katikati lipitishe ufito wa milimita 4, na ubavuni kiwe na parafujo ndogo ya kubania ufito usiteleze. Akachora mchoro wake, na chini akanakili namba iliyokuwa kitabuni. Mtoto wa darasa la sita alikuwa amejifunza kuhesabu meno, kupima kipenyo, kutofautisha madini na kuandika maelezo ambayo mtu asiyemjua, aliyeko ng'ambo ya bahari asiyoiona, angeweza kuyafuata bila kukosea. Haja ya kuagiza ndiyo iliyomfundisha. Mwenye kununua sanduku zima halazimiki kujua kilichomo. Mwenye kuagiza kipande kimoja hana budi kukijua kuliko muuzaji.

Niliichukua barua ile nikaenda nayo Dar es Salaam. Madukani nilikopita nilipokewa kwa heshima, nikaambiwa, "Hapa twauza boksi zima, mzee wangu," na katika duka moja kijana wa watu alinihurumia hata akanionyesha sanduku jingine kubwa zaidi, ghali zaidi, ambalo pengine ndani yake mlikuwa na kigurudumu kinachofanana. Kigurudumu kilipatikana kwa muuzaji mdogo wa Uingereza, kwa bei isiyozidi ya kikombe cha chai ya huko. Ila nauli yake ya posta ingeimeza bei hiyo mara kadhaa, na lau asingepatikana msafiri wa kukitia mfukoni, nisingethubutu. Kikafika Dar es Salaam, kikapanda basi hadi Nangurukuru, kikateremka Kilwa Masoko, kikavuka kwa boti pamoja na magunia ya unga. Kreni ikasimama. Walakini njia hiyo ni ya mwenye shangazi Ulaya na mjomba mwenye subira. Watoto wengi wa mwambao wa Lindi hawana hata mmoja kati ya hao wawili.

Nawajua watakaonijibu kwamba mtoto wa pwani hana haja ya vyuma vya Liverpool, kwa kuwa tangu hapo ana ngalawa yake ya mti mwepesi yenye tanga la mfuko wa plastiki, ana gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko, ana tiara lake wakati wa kaskazi. Neno lao ni la kweli na nalistahi. Fundi anayetengeneza mashua ufukoni, ambaye huusimamisha mkuku kwanza, akapanga mataruma, akatoboa kwa keekee kabla ya kupiga msumari, kisha akatia kalafati, ni mwalimu ambaye hakuna sanduku linaloweza kuwa badala yake; na wazee wa mitepe, waliozishona mbao zao kwa kamba za kumbi pasipo chuma, waliweza kuufumua ubao uliooza na kuutia mwingine, jambo ambalo ni ushahidi kwamba elimu ya kiungo kinachobadilishwa si ngeni kwetu. Shirika la BRAC nalo, kwa fedha za wakfu wa LEGO wenyewe, lilipofungua hapa Tanzania vituo vya watoto wadogo kujifunza kwa kucheza, lilitumia vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa malighafi ya mazingira ya watoto hao.

Lakini kuna elimu mbili hapa, na mwenye moja hajapata ya pili. Ngalawa ya mti mwepesi humfundisha mtoto kukilinganisha kila kipande na jirani yake, jicho likiwa ndilo kipimo, na usukani wa ngalawa hii hauingii katika ile. Chuma chenye matundu humfundisha kwamba watu wasiojuana wanaweza kukubaliana kipimo, na kwa kukubaliana huko kipande kilichokatwa Lindi kikaingia katika kilichokatwa Liverpool miaka 50 iliyotangulia. Kiwanda cha Hornby cha Barabara ya Binns kilifungwa mwaka 1979, na hata hivyo mpaka leo wako mafundi wadogo wadogo wanaovikata vipande vyake na kuviuza, kwa sababu kipimo hakikufungwa pamoja na kiwanda. Dunia nzima ya mashine, pamoja na mtambo ule wa gesi, inasimama juu ya elimu hii ya pili.

Nayo si ghali kuileta karibu. Hati za ubunifu za vitu hivi zimekwisha muda wake zamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa umbo la tofali la LEGO lisajiliwe kuwa alama ya biashara ya mtu mmoja. Kwa hiyo karakana yoyote ya mwambao yaweza kukata kanda za bati la chuma, kuzitoboa kwa nafasi ya milimita 12.7 na matundu ya zaidi kidogo ya milimita 4, na kuziuza kwa urefu wa matundu. Bolti za milimita 4 huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Hupita katika matundu hayo, mradi zinunuliwe pamoja na nati zake, kwa sababu nati za kizamani za Kiingereza zina uzi mwingine na zikilazimishwa huharibika. Kazi hii inawafaa wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya VETA, ambao kila mwaka hukata na kutoboa vyuma vya mazoezi ambavyo baadaye hutupwa. Inawafaa wajasiriamali wadogo walio chini ya SIDO, shirika ambalo tangu mwaka 1973 wajibu wake ni kuvikuza viwanda vidogo. Magurudumu ya meno ni kazi ngumu zaidi na yataendelea kuagizwa nje kwa muda; hayo yaagizwe kwa jumla na mtu mmoja, kisha yagawanywe kwa rejareja, nauli ikawa ya wengi badala ya kumlemea mmoja.

Basi nawaomba wafanyabiashara wa Kariakoo, na wa Lindi na Kilwa Masoko, wafungue sanduku moja katika kila kumi wanayoyapokea, wavitie vilivyomo katika makopo kama afanyavyo fundi wa baiskeli, na waviuze kimoja kimoja kwa bei ya haki. Nawaomba walimu wa shule za msingi za visiwani wasiwakubalie wanafunzi waseme "kidude". Wadai namba, kipimo na idadi ya meno. Nanyi ndugu zetu mlioko Muscat, London na kwingineko, ambao kila safari mna mapenzi ya kuwaletea watoto sanduku jipya, safari ijayo acheni sanduku. Mwandikieni mtoto kwanza, mumwulize kipande gani kimepotea na namba yake ni ipi, kisha mleteni hicho.